Mwaka wa Safari: Je, Mwenye Kazi Aweza Kuuona Ulimwengu?

Mji wetu wa Kisangani ni mwana wa safari. Kabla ya Wazungu kufika, Wagenya walikuwa tayari wametega mitego yao ya samaki katika maporomoko, na mitumbwi ilipanda na kushuka mto Kongo. Kisha walikuja wafanya biashara kutoka Unguja na Pwani, wakifuata pembe za ndovu na watu wa kuwatia utumwani. Na lugha hii tuisomayo ilitufikia kwa nyayo za wapagazi wao. Mwaka 1883 Stanley aliweka kituo karibu na maporomoko, na kwa muda mrefu mji ukaitwa Stanleyville, hata mwaka 1966 ulipopewa jina lake la leo. Watu hao wote walisafiri mbali, lakini wengi wao walisafiri ili wachukue.

Siku hizi lasikika swali la namna nyingine. Mwalimu, mwuguzi au karani aliyekwisha fanya kazi miaka kumi auliza: Je, naweza kuomba ruhusa, niache kazi yangu kwa miezi kadha au kwa mwaka mzima, nizitembelee nchi za watu, kisha nirudi mahali pangu? Wako wanaomcheka. Wasema kwamba hayo ni mambo ya matajiri, na ya kuwa mtembezi hula miguu yake. Wengine humsifu upesi mno, maana wadhani kwamba haendi kuona bali kukimbia. Wa kwanza na wa pili wote wamekosa shabaha. Swali lenyewe ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa kicheko.

MWAKA WA SABA

Wazo la kupumzisha kazi kwa muda mrefu si la jana wala juzi. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, Waisraeli waliamriwa kulima miaka sita, na katika mwaka wa saba kuiacha ardhi ipumzike. Mkulima wa kwetu aelewa maana yake bila kufundishwa, kwa kuwa shamba lililolimwa pasipo kupumzishwa hutoa mihogo midogo.

Kutoka jina la Sabato vyuo vikuu vilipata desturi yao. Mwaka 1880 Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilianza kuwapa maprofesa likizo ya mwaka wa saba, ili wasome, waandike na kusafiri, kisha warudi na akili mpya. Kutoka huko desturi ikaenea katika vyuo vingi vya dunia. Angalia vema: likizo hiyo haikuwa zawadi ya uvivu. Ilitolewa kwa mtu aliyefanya kazi kwanza, na kwa tumaini la kwamba atarudi. Mambo haya mawili, kazi iliyotangulia na marejeo yanayofuata, ndiyo yanayomtenga msafiri na mtoro.

WALIOTUTANGULIA

Mtu asidhani kwamba kuzunguka ulimwengu ni kazi ya Wazungu peke yao. Mwaka 1325 kijana wa miaka 21, jina lake Ibn Battuta, aliondoka mjini Tangier, katika nchi ya Moroko. Alifika Maka, akapita Mogadishu na Mombasa, na mwaka 1331 alikuwa Kilwa, katika Tanzania ya leo. Baadaye alifika Uhindi na Uchina. Hakuwa na mfuko usiokwisha: alikuwa amesoma sheria, na huko Delhi na katika visiwa vya Maldivi alifanya kazi ya ukadhi. Elimu yake ndiyo iliyomlisha njiani.

Lakini somo lake lina upande mchungu. Mwaka 1348, alipokuwa Damasko akielekea kwao, alipata habari ya kuwa baba yake amekufa tangu miaka 15. Mwaka uliofuata alifika Moroko, akaambiwa kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni, miezi michache tu kabla hajafika. Aliuona ulimwengu, ila hakuwaona wazazi wake. Kila atakaye kusafiri muda mrefu auweke mzani huu mbele ya macho yake.

Mwingine ni wa lugha yetu wenyewe. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Mdachi mmoja, Bwana Bumiller, aliyekuwa akimtumikia, kutoka Berlin hata Petersburg, Moscow na Siberia, na kutoka huko hata Samarkand. Habari zake aliziandika kwa Kiswahili, nazo zilichapwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichotengenezwa na Carl Velten. Alikuwa mtumishi, hakuichagua njia, lakini alifumbua macho na kushika kalamu. Matajiri wangapi wamepita njia zile zile, na leo hakuna ajuaye waliona nini!

Wa tatu ni Tété-Michel Kpomassie wa Togo, aliyezaliwa mwaka 1941. Alipokuwa kijana alipata huko Lomé kitabu cha habari za Groenlandi, nchi ya barafu, akatamani kufika. Alitoroka kwao, akasafiri kwa vituo: hapa alifanya kazi, pale alijifunza lugha, akaweka akiba, akasonga mbele tena. Alipita nchi za Afrika ya Magharibi, kisha Ufaransa, Ujerumani na Denmark. Safari hiyo ilimchukua miaka minane, hata mwaka 1965 alipokanyaga Groenlandi. Mwaka 1981 alitoa kitabu chake kwa Kifaransa, nacho kimefasiriwa katika lugha kadha. Huyu atufundisha subira: asiye na nauli ya njia nzima na akate njia vipande vipande.

KWANZA NYUMBA, NDIPO NJIA

Sasa turudi Kisangani. Mtu mwenye mke na watoto hawezi kupanga safari kama kijana asiye na mzigo. Jambo la kwanza si ramani. Ni mazungumzo ya nyumbani. Mume na mke wakae chini, waulizane waziwazi: Nani atalipa masomo ya watoto? Nani atamtunza mama mzee? Mgonjwa akipatikana, fedha zitatoka wapi? Hata baada ya serikali kutangaza mwaka 2019 kwamba shule ya msingi ni bure, daftari na nguo hununuliwa, na shule ya sekondari yataka malipo. Ndugu na wajomba nao waarifiwe mapema, maana kwetu mshahara wa mtu mmoja si wa mtu mmoja. Atakayeondoka kimyakimya ataacha manung'uniko nyuma yake, na huko aendako simu zao hazitampa raha.

Jambo la pili ni kazi. Sheria ya watumishi wa serikali, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, yajua hali iitwayo kwa Kifaransa disponibilité, ndiyo kuacha kazi kwa muda kwa idhini, pasipo kupoteza cheo cha mtumishi. Wakati huo mtu hategemei mshahara. Mwalimu wa shule ya Kikatoliki ana wakubwa wa pande mbili, kwa sababu tangu mapatano ya mwaka 1977 serikali ndiyo ilipayo mishahara, na Kanisa ndilo liongozalo shule zake. Basi aende kwanza kwa mkuu wa shule, kisha kwa ofisi zinazomhusu, aombe kwa barua, na asubiri jibu kwa maandishi. Neno la mdomo, hata likitoka kinywani mwa rafiki mwema, si ruhusa. Mkuu yule aweza kuhamishwa, na anayekuja hatakumbuka lolote. Kutoweka pasipo idhini kwaweza kumpotezea mtu kazi ya miaka mingi. Na kurudi katika orodha ya mishahara, kama walimu wote wajuavyo, ni safari ndefu kuliko ile ya kwenda Uchina.

Tena yafaa kuchagua wakati. Mwalimu asiyewaacha wanafunzi wake katikati ya mwaka wa masomo, bali angojaye mitihani imalizike, atapewa ruhusa kwa moyo mweupe. Hata likizo kubwa peke yake yatosha kwa safari ya kwanza, wala haimpotezei mtu mshahara.

HESABU YA FEDHA

Tufanye hesabu, ili ndoto iwe na miguu. Tuseme mtu aweka dola 40 kila mwezi kwa miaka mitano. Miezi ni 60, na akiba yake ni dola 2,400. Ni fedha nyingi. Lakini zote si za njia. Robo, yaani dola 600, ibaki nyumbani kwa ajili ya jamaa. Robo ya pili isiguswe: ni nauli ya kurudi, na dawa. Zabaki dola 1,200. Akitumia dola 10 kwa siku, atasafiri siku 120, maana yake miezi minne. Akitaka mwaka mzima, hana budi kuongeza miaka ya kuweka akiba, au kufanya kazi njiani kama Kpomassie, au kutafuta masomo na mwaliko wenye msaada. Hesabu hii yaweza kumhuzunisha mtu, ila ni afadhali kuhuzunika Kisangani kuliko kuhuzunika ugenini.

Fedha zikusanywe wapi? Wengi wetu twaijua likelemba. Ni njia njema, kwa sababu aibu ya kukosa mbele ya wenzako yakulazimisha kuweka. Walakini fedha za likelemba huja kwa zamu, na zamu haiulizi siku yako ya kuondoka. Zikija, zitenge upesi mahali pa amana, kabla ya harusi na matanga hayajazila.

Faranga zetu hazina kazi ng'ambo. Ubadilishe uwe na dola safi, maana noti iliyopasuka kidogo hukataliwa hata sokoni kwetu, na noti za zamani hukataliwa mahali pengi. Ukivuka mto kutoka Kinshasa kwenda Brazzaville utakuta faranga za CFA za Afrika ya Kati, zitumikazo katika nchi sita. Nchi nane za Afrika ya Magharibi zina CFA yao wenyewe. Thamani ni moja, kwa kuwa zote mbili zimefungwa na euro kwa faranga 655.957, lakini noti za upande mmoja usitumaini kuzitumia dukani upande wa pili.

HATI NA CHANJO

Pasipoti na iombwe mapema sana, nayo iwe na uhai wa kutosha, maana nchi nyingi hudai miezi sita iliyobaki. Kadi ya njano ya homa ya manjano haina budi kuwapo. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi hiyo yafaa kwa maisha yote ya mwenye kuchanjwa, lakini huanza kufaa siku ya kumi baada ya sindano. Kwa hiyo asichanjwe leo apate kuondoka kesho.

Afrika yetu inaanza kufungua milango. Benin, Gambia, Rwanda na Shelisheli hazimdai viza Mwafrika yeyote, ingawa Shelisheli yataka kibali cha safari kabla ya kupanda ndege. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo nchi kadha za jumuiya zimelegeza masharti kwa Wakongo. Kwa kuwa masharti hubadilika, aulize ubalozini kabla ya kuondoka.

Ulaya ni mlango mzito zaidi. Tangu Juni 2024 ombi la viza ya Schengen, itumikayo katika nchi 29, ni euro 90 kwa mtu mzima. Fedha hizo hazirudishwi ukikataliwa, nazo ni zaidi ya akiba ya miezi miwili katika hesabu yetu ya juu. Viza hiyo hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na yataka bima ya euro 30,000 kwa uchache. Tena mkazi wa Kisangani afanye hesabu ya safari ya Kinshasa, kwa maana huko ndiko ziliko balozi. Konsuli ataka kujua jambo moja hasa: Je, mtu huyu atarudi? Ile barua ya ruhusa ya kazi, cheti cha ndoa na hati ya nyumba ndizo zinazomjibu. Hivyo yule aliyepanga vema mambo ya nyumbani amekwisha panga nusu ya mambo ya viza.

NJIA IPI?

Kutoka kwetu njia ni mbili. Ya magharibi ni mto. Hata Kinshasa ni kilometa zaidi ya 1,700, na mashua au tishari yaweza kuchukua wiki mbili, tatu au zaidi, kadiri ya mchanga na mashine. Mashua za mbao ziitwazo baleinière zimezama mara nyingi kwa kujazwa kupita kiasi na kwenda usiku. Msafiri mwenye akili huiangalia mashua kabla ya kulipa. Ikiwa imejaa, huacha.

Ya mashariki ni barabara ya Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa, ipitayo Epulu katika hifadhi ya okapi, iliyotiwa mwaka 1996 katika orodha ya urithi wa dunia. Ni njia nzuri kwa macho, lakini vikundi vya wenye silaha vimemwaga damu nyingi huko Ituri na Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23 katika mwezi wa Januari, na Bukavu katika Februari. Asiondoke mtu pasipo kuuliza habari za wiki ile ile kwa madereva, kwa mapadre wa njiani na kwa wenye mamlaka. Wakijibu hapana, ni hapana.

Walakini kabla ya kwenda mbali, ajaribu karibu. Yangambi, penye kituo cha uchunguzi wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933, ni yapata kilometa 100 kwa kushuka mto. Mbele yake ni Isangi, mahali Lomami inapoingia mto Kongo. Akae huko wiki mbili na mfuko mmoja, daftari moja na fedha alizojipimia. Atajua kama aweza kulala popote, kama tumbo lake ni jepesi, na kama akiba yake yafuata hesabu. Wangapi wapenda safari hata watakapolala usiku mmoja penye mbu!

Nguvu moja tunayo, nayo haiuzwi. Mtu wa Kisangani husema Kiswahili, Lingala na Kifaransa. Kwa Kiswahili aweza kuulizia njia hata Bahari ya Hindi, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliikubali lugha hii kuwa moja ya lugha zake za kazi. Kwa Kifaransa aweza kufika Dakar. Msafiri wa nchi nyingine hununua kamusi, nasi tumezaliwa nazo.

Ukarimu nao ni utajiri, ila una mpaka wake: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Parokia na ndugu wa mbali humpokea msafiri. Naye na achote maji, akate kuni, awafundishe watoto hesabu, na aondoke kabla mwenyeji hajachoka.

WANAOUZA NDOTO

Wako watu wauzao viza za uongo, na wako wanaowaahidi vijana kazi ng'ambo, kisha kuwachukua pasipoti. Wako wanaoonyesha njia ya Jangwa la Sahara, Libya na bahari ya Mediteranea, ambayo imewameza maelfu ya vijana wa Afrika. Kama mtu yeyote akuambia utoe fedha zote leo, usimwambie mkeo, na karatasi zitafuata baadaye, basi ondoka mbele yake. Safari ya haki haiogopi kusemwa mezani, na tarehe yake ya kurudi yajulikana.

KURUDI

Arudipo, mtu asistaajabu kama siku za kwanza ni ngumu. Kuna jambo la mwili: aliyekaa muda mrefu mahali pasipo malaria hupungukiwa na ile kinga aliyokuwa nayo, na malaria yaweza kumshika kwa nguvu. Alale ndani ya chandarua, na homa ikija aende kupimwa mara moja. Kuna na jambo la moyo: ataona shule ni ndogo, na wenzake watamwona amekuwa mgeni. Dawa yake ni kazi. Daftari alilojaza njiani na liingie darasani. Watoto waliosoma jina la jangwa au la bahari katika kitabu, sasa wamsikie mtu aliyetia mguu wake humo. Wamwulize bei ya mkate, wamwulize watu wa huko huzikaje wafu wao, huoaje, hucheka nini. Salim bin Abakari hakuleta dhahabu kutoka Siberia. Alileta maneno, na miaka zaidi ya mia imepita yangali yakisomwa.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa wazo hili limo moyoni mwako, usilizime wala usilikimbize. Jioni ya leo chukua karatasi, andika majina ya wanaokutegemea, andika akiba yako, andika mwaka utakaoweza kuondoka, na mwezi utakaorudi. Kisha mpe mkeo au mumeo aisome karatasi hiyo. Akiirudisha amesahihisha hesabu zako badala ya kuipasua, safari yako imekwisha anza.